Kompyuta Kuukuu za Songea: Zipi Zitunzwe, na Nani wa Kutunza Naye

Mtu wa Mshangano akisema anakusanya kompyuta za zamani, jirani atamuuliza kwanza ni za kazi gani, kisha atamuuliza anaziuza shilingi ngapi. Maswali yote mawili ni halali. Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Songea, mji unaoishi kwa mahindi, kahawa na tumbaku, na kitu cha chuma kikishachoka hapa kina njia yake: kinapimwa kwa kilo, kinarundikwa kwenye fuso, kinaanza safari ya Makambako kuelekea Dar es Salaam. Kompyuta iliyokufa hupita njia hiyo hiyo. Mnunuzi wa skrepa huvunja kasha, huchomoa nyaya apate shaba, bati huwekwa upande mmoja na plastiki huishia shimoni.

Swali la kazi gani ndilo ninalotaka kulijibu kwa urefu, kwa sababu vijana wengi wa TEHAMA wanaopenda jambo hili wameliingia kwa mlango wa wenzetu wa Ulaya na Marekani. Wanatamani mashine ambazo hazikuwahi kufika Songea, na wakati huo huo zile zilizofika zinapita mbele yao zikielekea kwenye mizani.

Mlango huo wa wenzetu una historia nzuri, na anayeupenda haupendi bure. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka jaladani picha ya Altair 8800, kompyuta ya kununua ikiwa vipande na kuiunga mwenyewe. Machi 5 mwaka huo huo watu wachache walikutana kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Walioneshana walichounda, wakakopeshana vipuri na kupeana michoro. Mmoja wao alikuwa Steve Wozniak, na kile alichowaonesha wenzake kikawa Apple-1, iliyoingia sokoni mwaka 1976 kwa dola 666.66. Zilitengenezwa kama 200 tu. Mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani na makumbusho ya Henry Ford kwa dola 905,000.

Kisha milango ikafunguka. Mwaka 1977 zilitoka Apple II, Commodore PET na TRS-80. Uingereza ikajibu kwa ZX80 ya Clive Sinclair mwaka 1980, kwa bei isiyofika pauni 100, halafu BBC Micro ya Acorn mwishoni mwa 1981 na ZX Spectrum mwaka 1982. Commodore 64 nayo ilitoka mwaka 1982 na kuuzwa kwa mamilioni. Watoto waliokua wakicheza na kuandika programu kwenye mashine hizo ndio watu wazima wanaojaza kumbi za Vintage Computer Festival, tamasha lililoanzia California mwaka 1997 na kufika Munich mwaka 2000. Wanachokusanya ni utoto wao, na wanaukusanya pamoja na watu waliokuwa na utoto wa namna hiyo. Ndiyo maana mikutano yao ina uhai: mtu anawasha mashine, mwenzake aliyesimama nyuma anaikumbuka hata sauti ya kaseti ikipakia mchezo.

Sasa tazama kitu kimoja ambacho vitabu vyao hukitaja kwa kupita tu, kwa kuwa kwao kilikuwa cha kawaida. Nyingi ya mashine hizo za nyumbani zilitegemea televisheni. Spectrum haikuja na monita. Ilikuwa na waya uliochomekwa kwenye tundu la antena la televisheni ya sebuleni, mtoto akatafuta chaneli, na maandishi yakatokea mahali ambapo jioni baba alitazama taarifa ya habari. Bila televisheni ndani ya nyumba, kompyuta ya nyumbani ilikuwa kibodi bubu.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Haikuwa na ruhusa ya kompyuta pia, na mambo hayo mawili yalifungwa na amri moja. Serikali ilikuwa imefunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine hiyo na zilizoifuata zililetwa na kuendeshwa kwa kutegemea wataalamu wa nje, na hesabu za Serikali zilizoingizwa humo zikavurugika badala ya kunyooka. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Taasisi iliyohitaji kompyuta kwa dhati iliomba kibali. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo.

Kwa hiyo hata kama mwaka 1983 mjomba angerudi kutoka London na Spectrum ndani ya begi, na forodha wakamwachia, mtoto wa Songea asingekuwa na pa kuichomeka. Sisemi hivi kwa kulaumu. Nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na mashine zilizokuwepo zilikuwa zimeshaitia hasara; waliotoa amri walikuwa na sababu mkononi. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa kuliko walivyoweza kuona, kwa kuwa muongo uliofuata ndio uliogeuza kompyuta kutoka chombo cha wizara kuwa chombo cha mtoto. Kizazi kizima cha Bara kiliruka ngazi hiyo. Jirani zetu hawakuiruka kwa namna ile ile: Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Ng'ambo ya bahari, Waswahili waliohamia Oman na Ghuba walikuta kompyuta za Sakhr madukani, mashine za mfumo wa MSX zilizotengenezewa watumiaji wa Kiarabu na kampuni ya Kuwait miaka ya 1980. Mtu aliyekulia Maskati anaweza kuitamani Sakhr yake kwa haki kabisa. Mtu aliyekulia Mshangano akiitamani Commodore 64 anatamani kumbukumbu ya kuazima.

Kuazima si dhambi. Mashine ya Sinclair ina uzuri wake wa uhandisi, na kijana akiifungua atajifunza zaidi namna kompyuta inavyofanya kazi kuliko akiitazama simu yake iliyogundishwa. Akipata moja, aitunze. Atahitaji televisheni ya chogo inayopokea analojia, na tangu uzimaji wa mitambo ya analojia ulipoanza Dar es Salaam Desemba 2012, televisheni hizo nazo zinakwenda kwenye skrepa. Ninachokataa ni kufanya mashine hizo kipimo, hadi mtu anayetunza Pentium ya ofisi ya kata aonekane anatunza takataka.

Maana kompyuta zilipokuja kwetu, ziliingia kwa mlango wa ofisi. IBM ilikuwa imetoa kompyuta yake Agosti 12, 1981, ikiwa imeundwa kwa vipuri vinavyopatikana sokoni, na kampuni nyingine zikaiiga haraka. Mashine hizo za kuigiza, zisizo na jina kubwa kwenye kasha, ndizo zilizotufikia masharti yalipolegea miaka ya 1980 na biashara ilipofunguliwa zama za Rais aliyeitwa Mzee Ruksa. Zilitua kwenye miradi ya wafadhili, vyuo, hospitali za misheni, mabenki na vyama vya ushirika. Zilikuja na DOS, na ndani yake Lotus 1-2-3 kwa mhasibu, dBase kwa mwenye orodha na WordPerfect kwa mpiga chapa. Mpiga chapa huyo mara nyingi alikuwa amesoma Chuo cha Uhazili Tabora kwa taipureta, akazoea nguvu ya kidole na kengele ya mwisho wa mstari, na sasa akakabidhiwa kibodi laini na monita inayong'aa. Hakupewa mwaka wa kujifunza. Alipewa barua ya kuandika.

Baadaye kidogo ikaja steshenari. Duka dogo lenye mashine ya fotokopi, kompyuta moja au mbili na foleni ya watu wenye karatasi za mkono: barua ya maombi ya kazi, hati ya kuuziana shamba, kadi ya harusi, mashairi ya kwaya, ripoti ya kikao cha chama. Kwa miji kama Songea, steshenari ndiyo ilikuwa kompyuta ya nyumbani. Familia hazikuwa na mashine, lakini kila familia iliwahi kuwa na waraka uliopita kwenye mashine ile. CyberTwiga ilipofungua huduma ya intaneti Dar es Salaam mwaka 1996, na vibanda vya intaneti vikafuata, desturi ikabaki ile ile ya kulipia dakika kwenye mashine ya mwingine. Kompyuta za mtumba zikafurika miaka ya 2000. Sera ya Taifa ya TEHAMA ikatoka mwaka 2003. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwangu mimi, kompyuta ya mwaka 2004 inayowaka na kuonesha Jambo OpenOffice ina thamani kubwa zaidi ya kukusanywa kuliko Apple II kumi, kwa sababu Apple II zina makumbusho dunia nzima, na hii ikipotea kwetu hakuna atakayeitunza kwa niaba yetu.

Hapo ndipo uchaguzi wa mkusanyaji wa Songea unapobadilika. Mwenzake wa Manchester huuliza mashine ni adimu kiasi gani, imebaki na boksi lake, kasha halijageuka manjano? Wana hata dawa ya manjano hayo, haidrojeni peroksaidi inayopakwa na kuanikwa juani. Mkusanyaji wa hapa hana sababu ya kuanzia huko. Mashine zetu hazikuwa adimu zilipotengenezwa. Zilitoka viwandani kwa mamilioni. Kinachozifanya za kipekee ni kazi zilizofanya hapa, na kazi hizo hazionekani kwenye kasha. Ziko kwenye hadidiski, kwenye disketi zilizosahaulika droo ya chini, kwenye kibandiko cha namba ya mali, na kichwani mwa mtu aliyekalia kiti kile.

Mashine iliyopo mezani kwangu sasa ilitoka kwenye stoo ya taasisi moja ya hapa mkoani, kwa mnada halali. Ni 486, kasha la kulala, rangi ya maziwa iliyopauka. Nyuma, karibu na tundu la umeme, kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Ndiyo ninayoitazama kabla ya kitu kingine chochote. Mashine nyingi za msaada zilitoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni kama volti 120, na aliyeichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila kuisogeza swichi hiyo alisikia mlipuko na kuona moshi. Mtu aliyepokea hii alikuwa makini, maana juu ya swichi amebandika plasta ya hospitali na kuandika kwa kalamu ya bluu, USIGUSE. Plasta hiyo siitoi.

Ndani, pembeni ya mazabodi, kuna betri ya saa yenye umbo la pipa dogo, iliyochomewa moja kwa moja. Betri hizo ndizo muuaji mkuu wa mashine za kizazi cha 386 na 486. Zinavuja polepole kwa miaka, maji yake hula njia za shaba na kuacha ukungu wa kijani. Hii ilikuwa imeshaanza. Tiba yake haihitaji maabara: betri inakatwa kwanza, halafu siki kidogo kwenye mswaki wa zamani, kwa kuwa kilichovuja ni cha alkali na siki hukizima, kisha spiriti safi ya kusafishia, kisha kukausha. Njia iliyokatika inaungwa kwa waya mwembamba kama nywele, na hapo mkono wa fundi redio wa Majengo ni bora kuliko wangu. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina ugonjwa mwingine, kapasita zilizovimba vichwa, kwa kuwa sekta nzima ilipitia kipindi cha kapasita mbovu miaka hiyo. Nazo hubadilishwa na fundi yeyote anayebadilisha za televisheni. Monita za chogo ndizo zinazotaka heshima ya pekee: ndani yake kuna umeme unaofikia volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki baada ya kuchomoa. Asiyejua namna ya kuutoa asifungue.

Umeme wa mji nao umeandika historia yake ndani ya mashine hizi. Songea iliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO kwa miaka mingi. Mwaka 2015 mtambo wa maji wa Tulila kwenye Mto Ruvuma, mali ya masista Wabenediktini wa Chipole, ulianza kuuza umeme, na mwaka 2018 njia ya Makambako hadi Songea ikatuunganisha na gridi ya Taifa. Kompyuta iliyofanya kazi hapa miaka ya 1990 ilikuwa na mwenzi wake wa lazima, stabilaiza nzito ya bati yenye sindano inayocheza. Anayekusanya kompyuta na kuiacha stabilaiza amechukua nusu ya kifaa.

Kuna wanaosema haya yote hayana haja siku hizi, kwa kuwa programu ya kuigiza mashine za zamani inatosha. DOSBox imekuwepo tangu 2002. Kijana anaweza kuendesha WordPerfect kwenye kompyuta mpakato yake na kucheza michezo ya Spectrum kwenye simu. Wana hoja, na kwa kufundishia ningeanza na njia hiyo kabla ya kununua kitu. Lakini programu ya kuigiza haisomi disketi yenye ukungu. Haikwambii kwamba faili liliandikwa kwa herufi za printa fulani ya nukta. Na haimrudishii mtu mikono yake.

Nieleze hilo la mikono. Mama mmoja mstaafu, mhitimu wa Tabora, aliletwa kwangu na jirani aliyesikia nina kompyuta za zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hiyo ya skrini ya bluu unayo?"

Nilikuwa nayo. Niliwasha 486, WordPerfect 5.1 ikatokea na skrini yake ya bluu isiyo na menyu wala picha. Alikaa, akavua miwani, akavaa tena. Alisema hakumbuki chochote. Halafu akaanza kuandika barua rasmi, anwani kulia, kumbukumbu namba kushoto, YAH kwa herufi kubwa, na alipomaliza kidole chake kikaenda F10 kuhifadhi bila kutazama, kisha Shift na F7 kuchapa, ingawa printa haikuwepo. Aliniambia kila karani alikuwa na ukanda wa karatasi ngumu uliokatwa kukaa juu ya vitufe vya F, umeandikwa kazi ya kila kimoja, na kwamba wa kwake aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kwa kalamu ya wino. Ukanda huo ameshaupoteza. Nilimwomba aukumbuke, nikaandika anachosema. Sina kitu kwenye chumba changu ninachokithamini kuliko karatasi hiyo, na si kompyuta.

Kwa hiyo swali la kukutana na wapenzi wenzako lina jibu tofauti hapa. Anayetafuta wakusanyaji wengine Songea atawahesabu kwa vidole na kukata tamaa. Anayetafuta watu walioishi na mashine hizi atawakuta kila mtaa. Makarani wastaafu. Wahasibu wa ushirika waliohama kutoka leja kwenda Lotus. Mwenye steshenari wa Bombambili aliyeanza na kompyuta moja ya mkopo. Walimu wa karakana wa chuo cha ufundi cha VETA Songea. Mafundi wa misheni, kwa kuwa Wabenediktini wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, wana mazoea marefu ya karakana na uchapaji, na penye uchapaji kompyuta ziliingia na zikahitaji mtu wa kuzishika. Fundi redio, ambaye ndiye daktari wa kweli wa yote haya. Hakuna kati yao anayejiita mkusanyaji. Ukiwaita kwenye mkutano wa kompyuta za kale hawatakuja. Ukimwambia mtu mashine yako ile ya ofisini nimeiwasha, njoo uione, atafunga duka.

Wale wa gereji ya California walikuwa na desturi moja inayotufaa sana: walikutana ili kuoneshana vitu na kuelezana. Kijiwe chetu cha kahawa kina desturi hiyo tangu zamani, kila mtu na habari yake. Jumamosi moja kwa mwezi, mashine moja tu mezani, aliyeitumia aeleze na fundi afungue. Ya nje ya mkoa yanaweza kusubiri. Kutuma monita ya chogo kwa basi kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000, ni kuiua njiani. Afadhali itumwe kadi, kebo au disketi. Mtu wa Iringa au Mbeya akipita Songea kwa shughuli zake apewe kiti.

Mnunuzi wa skrepa naye ni mwenzetu, na hapa ninatofautiana na baadhi ya wapenzi wanaomwona adui. Yeye ndiye anayeziona mashine zote za mji. Ukimlipa kidogo juu ya bei ya kilo na kumwambia unachotaka, atakupigia simu kabla ya kushika nyundo. Mwombe pia asichome nyaya, kwa sababu moshi wa plastiki hiyo ni sumu, na umwoneshe kwamba kioo cha monita ya chogo kina madini ya risasi. Wote wawili mko chini ya kanuni za nchi za taka hatarishi, na mkusanyaji asijione yuko juu ya kanuni hizo.

Maana tofauti kati ya mkusanyiko na jalala ni nyembamba. Afrika Mashariki imepokea vifaa vingi chakavu kwa jina la msaada. Computer for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilichukua kompyuta zilizotumika, ikazikarabati na kuzipeleka mashuleni, na kazi hiyo yenyewe ndiyo iliyowafanya wajenge Nairobi kituo cha kuchakata zilizokufa, kwa kuwa kila anayepokea mashine anapokea na kifo chake. Mkusanyaji mwenye chumba kimoja Mshangano awe na kikomo. Mashine ya nne ya aina ile ile ni ya vipuri, na ikishatolewa vipuri iondoke. Kwa maoni yangu mashine sita zenye habari kamili zinatosha kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo vumbi linaanza kutawala.

Disketi ni jambo la haraka kuliko yote. Ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44, na katika mji wenye mvua kuanzia Novemba hadi Aprili ukungu huota juu ya sahani yake ya sumaku. Disketi yenye ukungu ikiingizwa haraka haraka huchafua kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kitaikwaruza disketi inayofuata. Isafishwe kwanza, isomwe mara moja, inakiliwe. Siku hizi kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle kinachounganisha kiendesha disketi cha zamani na kompyuta ya kisasa na kunakili mawimbi yenyewe ya sumaku, hata pale faili limeharibika. Kimoja kwa mkoa mzima kingetosha, kikizunguka.

Lakini kinachosomwa kina mwenyewe. Disketi ya zahanati ina majina ya wagonjwa. Ya parokia ina mashauri ya ndoa. Ya ofisi ya umma inaangukia chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na mashine za Serikali hutoka stoo kwa utaratibu wa kufutwa na mnada, wala si kwa kupatana na mtunza stoo jioni. Anayeleta disketi zake arudishiwe nakala na asilia, na kisichomhusu mkusanyaji kifutwe kwenye mashine ya mkusanyaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haitatusaidia kulinda chochote hapa, maana kale inayoihesabu ni hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ulinzi pekee uliopo ni mazoea mema ya wanaokusanya.

Vitu hivi vikae wapi baada ya sisi? Wengine wanataja Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, hapa hapa Songea. Sikubaliani. Mahali pale ni pa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na hapapaswi kubanwa na monita. Mashine zinazowaka ziende VETA, ambako kuna meza, umeme na vijana wanaohitaji kitu cha kufungua bila hofu ya kukiharibu. Maandishi yaliyookolewa, kwa ridhaa ya wenyewe, yaende maktaba ya mkoa, yakiwa yamechapwa karatasini pia. Na kila mashine iende na karatasi moja iliyobandikwa ubavuni: ilitoka ofisi gani, ilifanya kazi gani, nani alikuwa akiikalia, alijifunza wapi kuitumia. Karatasi hiyo ijazwe mhusika akiwa hai na mwenye nafasi ya kukaa nusu saa. Makarani wa kizazi cha skrini ya bluu wamestaafu wengi, baadhi wamerudi Mbinga, Namtumbo na Tunduru, na kuwafikia kunahitaji nauli na kalamu kabla ya kuhitaji bisibisi.